Kwa umeme wa hezi 50, nani aliwatuma kupiga harusi kwa fremu 24 na 60?

#1 Kamera ya Mbagala

Wakuu, salaam.

Mimi ndiye ninayepitia klipu za vijana wanaoomba kazi kwenye timu yetu ya harusi hapa Dar. Picha safi, rangi safi, lenzi za bei. Ila maharusi wakianza kuingia ukumbini mwendo unakatakata, na ukutani kuna mistari myeusi inapanda taratibu mpaka darini. Ukimuuliza mmoja kapiga kwa fremu ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, atakwambia "fremu 24, ndiyo sinema". Wa pili: "60, ili iteleze." Wote wawili wamefundishwa na YouTube, na mwalimu yuko Marekani.

Hoja yangu fupi. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hapa, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo. Taa inayokula umeme huo bila kuuchuja inang'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Marekani ni hezi 60, kwao mara 120. Kwa hiyo 24, 30 na 60, pamoja na shata zake (muda wa kila fremu kupokea mwanga) za 1/60 na 1/120 ya sekunde, ni hesabu za nyumba ya watu. Zetu ni 25 na 50, shata 1/50 na 1/100. Weka kamera PAL (mfumo wa video wa fremu 25 na 50), fremu 25, shata 1/50, funga, usiiguse mpaka keki ikatwe.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo. Matusi tuyatunze kwa siku ya Simba na Yanga.

#2 Nyanya Chungu

Nimevuta kigoda. Wajuvi waje.

#3 Dada Lenzi

Mkuu wa Mbagala, umechanganya magonjwa mawili. Mistari ya ukutani inatokana na taa na shata, hapo niko nawe. Kukatakata ni habari nyingine, na mara nyingi kunatoka mkononi, si kwenye menyu ya kamera.

Waangalie hao vijana wanavyozungusha kamera. Toka kwa MC hadi mlangoni, sekunde moja. Kwa fremu 24 au 25 hakuna shata itakayoiokoa hiyo. Kati ya fremu na fremu ukuta umeshapiga hatua kubwa, na jicho linaiona kila hatua. Wapiga sinema wana kipimo chao cha zamani: kitu kinachopita kwenye picha toka ukingo mmoja hadi wa pili kichukue kama sekunde 7. Ukitaka haraka kuliko hapo, basi iwe haraka kwelikweli, picha nzima iwe ukungu, mtazamaji asipate kitu cha kushika. Kasi ya katikati ndiyo inayoua.

Au mfuate bibi harusi. Yeye akibaki palepale kwenye picha, macho ya watu yapo kwake. Ukuta wa nyuma ukatekate utakavyo, hakuna atakayeuona.

#4 KijanaWaKisumu

Mimi napiga mahafali na mazishi huku Nyanza, kwa simu. Nimejaribu 1/60 na 1/50, tofauti sijaiona bana. Hizi namba mnatutishia bure.

#5 Fundi Pikseli

@KijanaWaKisumu mchana hutaiona, ingia kwenye chumba chenye taa za tyubu uone.

Taa ikipiga mara 100 kwa sekunde, pigo moja linachukua 1/100. Shata ya 1/50 inakusanya mapigo 2 kamili. Ya 1/100 inakusanya pigo 1 kamili. Ya 1/60 inakusanya pigo 1 na theluthi 2. Sasa, sensa ya kamera haisomi picha yote kwa mara moja, inasoma mstari baada ya mstari toka juu kwenda chini. Mstari huu unakipata kile kipande cha ziada taa ikiwa kileleni, ule unakipata taa imefifia. Ndiyo mistari yenyewe.

Ila Mbagala, sahihisho. Inayoongea na taa ni shata, si idadi ya fremu. Fremu 24 kwa 1/50 haina mistari. Fremu 30 kwa 1/50 au 1/100 haina pia. Umeme wa hezi 50 umekupangia shata tu, fremu umejipangia mwenyewe.

#6 Kamera ya Mbagala

@Fundi Pikseli nakubali nusu. Shata ikikosewa ukiwa 25, mistari inasimama palepale, maana kwenye kila fremu taa imepiga mara 4 kamili. Ukiwa 30, taa inapiga mara 3 na theluthi, kila fremu inaikuta mahali pengine, mistari inaanza kutembea. Iliyosimama unaweza kuihangaikia wakati wa kuediti. Inayotembea umekwisha. 25 ni bima.

#7 Tukutuku

Bima kubwa au ile ndogo? 😂

#8 Mzee wa Kanda

Vijana hamjambo. Nilianza harusi kwa kamera ya VHS ya begani, Tanga, miaka ya 1990. Majuzi nimezihamishia kanda zile kwenye kompyuta, mjukuu akaniuliza mbona wacheza ngoma wa zamani wanateleza kuliko wa kwenye video zenu za 4K. Rangi imekufa, uso wa bibi harusi ni ukungu mtupu, lakini mwendo ni maji.

Sababu ni hii. Televisheni yetu ilikuwa picha 25 kwa sekunde, mistari 625, lakini kila picha ilitolewa kwa nusu mbili: mistari witiri kwanza, shufwa baadaye. Kila nusu ilipigwa kwa wakati wake, kwa hiyo jicho lilikuwa linapewa mwendo mara 50 kwa sekunde. Nyinyi mmeitupa nusu hiyo, mmebaki na 25 nzimanzima, halafu mnalaumu taa.

Ukumbi, ngoma, mpira: piga fremu 50. Watu wanataka kujiona walivyocheza siku ile.

#9 Dada Lenzi

Shikamoo mzee. Kwenye ngoma umenena. Tatizo mteja. Ukimpa 50 anasema inafanana na taarifa ya habari. Mabibi harusi wa siku hizi wanachagua trela kabla hawajachagua gauni.

#10 Mzee wa Kanda

Marahaba binti. Mpe trela ya dakika 3 kwa 25, na shughuli yenyewe, saa zote, kwa 50. Mama mkwe hatazami trela. Yeye anatafuta nani alikuja na nani hakuja.

#11 Tukutuku

Na nani alibeba chakula kwenye mkoba. Hiyo piga hata fremu 120.

#12 Mpemba Asiyelala

Hiyo 24 mnayoitukuza haikushuka na malaika. Filamu za kimya zilizungushwa kwa mkono, leo 16 kesho 20, kwa jinsi mpigaji alivyoamka. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi mwendo uwe mmoja, maana sauti ilichapwa pembeni ya mkanda uleule na sikio halisamehe mwendo ukiyumba. Ikachaguliwa 24, ambayo ni futi 90 za mkanda wa milimita 35 kwa dakika. Polepole zaidi sauti inakuwa mbovu, haraka zaidi unachoma pesa ya filamu. Uamuzi wa mfuko, watu wakauzoea hadi wakauona ndio uzuri wenyewe.

Na 60 ya kwenye kamera zenu wala si 60, ni 59.94. Marekani walipoleta rangi kwenye televisheni mwaka 1953 walipunguza mwendo kwa karibu sehemu 1 katika 1000, ili mawimbi ya rangi na ya sauti yasigombane. Ndiko zilikotoka 29.97 na 23.976. Mzigo wa 1953 tunaubeba mpaka Chake Chake.

#13 Toronto Baridi

Wadau, napiga harusi za Watanzania na Wakongo huku Kanada. Umeme hezi 60. Hapa 1/50 ndiyo inayoleta mistari na 1/60 ndiyo safi, kwa hiyo hoja ya mleta mada kuhusu shata naiunga mkono kutoka upande wa pili wa dunia.

Lakini kukatakata mimi nakukuta penginepo kabisa. Familia inanitumia klipu za kitchen party iliyofanyika Dar, fremu 25, niziunganishe na za kwangu za 30. Ukizitupa kwenye taimlaini ya 30 (mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kuediti), programu inachukua kila fremu 5 na kuzifanya 6 kwa kurudia moja. Kile kituo kidogo kinachojirudia mara 5 kila sekunde ndicho watu wanachokiita "inakatakata". Kazi nyingi nilizoletewa nirekebishe zilikuwa hivyo: klipu 25, taimlaini 30, faili la mwisho 24. Imevuka mipaka mitatu bila pasipoti.

Chagua namba moja kabla hujaingiza klipu ya kwanza, maana programu kama DaVinci Resolve hazipendi uibadilishe katikati ya safari. Na YouTube ukiipandishia 25 itapokea 25, huna haja ya kuigeuza.

#14 Tukutuku

Na Saudia je? Shemeji yangu yuko Jeddah, anasema ni 50 kama Oman.

#15 Pwani ya Muscat

Oman 50, Imarati 50. Saudia ni 60. Shemeji asome kibandiko nyuma ya friji.

Sisi huku taa si shida kubwa. Shida ni ukuta mzima wa skrini ya LED nyuma ya jukwaa la bibi arusi. Hiyo ina mwendo wake wenyewe, haiulizi hezi za ukutani. Weka 1/50, mistari. Weka 1/100, mistari. Baadhi ya kamera mpya zina kipengele cha kusogeza shata kwa desimali: unazungusha kidogokidogo huku unatazama skrini mpaka mstari usimame kisha upotee. Fanya kabla wageni hawajaingia.

#16 Fundi Pikseli

Hapo sawa @Pwani ya Muscat, na si skrini tu. Taa nyingi za LED za bei nafuu, zile za rangi za DJ, ukizipunguza mwanga hazipungui kweli. Zinawashwa na kuzimwa haraka sana, na kasi hiyo imepangwa na saketi ya taa yenyewe. Kanuni ya Mbagala haina la kufanya hapo. Dawa ya kwanza ni kumwomba mtu wa taa apandishe mpaka mwisho. Taa ikiwa asilimia 100 haizimwi tena, mistari mara nyingi inaondoka.

#17 Kamera ya Mbagala

Umwombe mtu wa taa? Atakuuliza "umenilipa wewe?"

#18 KijanaWaKisumu

Na sisi wa jenereta mnatuweka wapi? Sherehe za huku ni hema uwanjani na jenereta ndogo nyuma ya jikoni. Spika zikinguruma mashine inalegea, balbu zinapumua. Hizo hezi 50 zenu ziko kwenye karatasi tu.

#19 Kamera ya Mbagala

@KijanaWaKisumu jenereta ikishuka hadi 48 utaona mistari hafifu sana, si kama ya 1/60. Nimeishi nayo. Nenda na taa zako za betri kwa eneo la keki, basi.

#20 Fundi Pikseli

Sasa nije kwenye lile ninaloliamini, mnipopoe vizuri.

Mteja wako anatazama wapi? Simu. Skrini ya simu nyingi inajichora upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya 60 kwa 25 unapata 2.4. Hakuna fremu inayoweza kukaa mara 2.4, kwa hiyo nyingine inakaa mara 2 na nyingine mara 3, kwa zamu. Kamera ikizunguka taratibu unaona kabisa mwendo unachechemea. Fremu 30 inakaa mara 2, mara 2, mara 2, sawasawa. Kwenye TV inayokwenda hezi 50, hapo 25 ya Mbagala inakaa mara 2 na mambo ni mazuri. Ila nani leo anatazama trela ya harusi yake kwenye TV?

Kwa hiyo mimi napiga fremu 30, shata 1/50. Taa imeridhika, simu imeridhika. Wapenda kanuni watasema hiyo si digrii 180, yaani shata iwe wazi nusu ya muda wa fremu. Kweli, ni 216. Ukungu wa mwendo unaongezeka kidogo, na kwa macho yangu mwendo unakuwa laini zaidi.

Kichekesho ni simu za hezi 120. Pale 24 inakaa mara 5 kamili, 30 mara 4, na 25 ndiyo inayobaki na 4.8. Yule kijana wa "ndiyo sinema" anapata haki yake bila kujua. Ili mradi simu iwe kweli kwenye 120 wakati huo, maana nyingi hushuka zenyewe kutunza chaji.

#21 Kamera ya Mbagala

Mkuu, mteja wangu anataka flashi aichomeke kwenye TV ya sebuleni, ukoo mzima ukae. Hakuna shangazi anayeona 2.4.

#22 Mzee wa Kanda

Shangazi anaona, ila hajui jina lake.

Na hizo TV za sebuleni zina kipengele cha kulainisha mwendo, kila kampuni imekipa jina lake: Samsung, LG, Sony, wote wanacho, na mara nyingi kinakuja kimewashwa. TV inatunga fremu za katikati ambazo hukuzipiga. Trela ya 25 inakuwa kama tamthilia ya studio, na mcheza ngoma akirusha mikono, vidole vinayeyuka hewani. Kizimeni kwanza, ndipo mwite mpiga video mlaumu.

#23 Nyanya Chungu

Nina swali wakuu. Simu yangu nimeiweka 30, ila kwenye kompyuta faili linasoma 27 na kitu. Na sauti inaachana na mdomo kadiri video inavyoendelea. Ni simu mbovu?

#24 Toronto Baridi

Si mbovu. Simu nyingi hazishiki fremu kwa usawa, mwanga ukipungua zinapunguza ili shata ikae wazi zaidi. Dakika hii 30, ile 24. Programu ya kuediti inadhani ni 30 muda wote, ndiyo sauti inakimbia. Pitisha faili kwenye programu ya kugeuza video, HandBrake, chagua fremu zisizobadilika, kisha ndipo uediti.

Kwa wenye iPhone: kwenye mipangilio ya kurekodi video kuna kitufe cha kuonyesha PAL, 25 inatokea. Palepale zima ile ya kupunguza fremu yenyewe gizani. Ukitaka kushika shata kwa mkono kuna programu ya bure, Blackmagic Camera, ilitoka kwa iPhone 2023 na Android 2024.

#25 KijanaWaKisumu

Hiyo ya #24 nimefanya sasa hivi. Nimeweka 1/50 chini ya tyubu za ofisini, nikarudi 1/60. Haya, mistari nimeiona. Fundi umeshinda raundi moja.

#26 Dada Lenzi

Mbagala umesema 25 kwa 1/50 mpaka keki ikatwe. Na slomo, ule mwendo wa polepole? Bibi harusi akirusha ua utampa 25?

Hapa ndipo wengi wanapochomwa ukumbini. Wanaweka 120 kwa sababu ni kubwa kuliko 100. Kwa 120, shata ndefu kabisa unayoweza kupata ni 1/120, haitoshi kukamilisha pigo moja la taa zetu. Slomo yote inapumuapumua mwanga. Weka PAL, piga 100, shata 1/100. Pigo moja kamili ndani ya kila fremu, taa imetulia. Ukungu ni mwingi kidogo kuliko kawaida, lakini ua linaanguka vizuri. Kisha iambie programu iisome klipu kama ya 25: unapata polepole mara 4 kamili, bila programu kubuni fremu.

120 itunze kwa jua.

#27 Kamera ya Mbagala

Hiyo ni hoja yangu ya PAL umeivalisha gauni.

#28 Dada Lenzi

Gauni limekaa vizuri zaidi.

#29 Mpemba Asiyelala

Jua lenyewe mmeliruka. Nyinyi mnaongelea kumbi. Sisi tunapiga maharusi ufukweni saa 6 mchana. Kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na shata 1/50, jua kali linadai tundu la lenzi liwe dogo, f/22. Unataka tundu pana la f/2.8 ili bahari ya nyuma ilainike, basi ukate stopu 6 (kila stopu ni nusu ya mwanga), yaani filta ya ND64, kioo cha giza mbele ya lenzi. Ukipiga kwa logi (picha iliyopauka ya kupakwa rangi baadaye) ambayo ISO yake ya chini ni 800, ongeza stopu 3, ni ND512. Wengi hawana, wanapandisha shata mpaka 1/2000. Kila tone la maji linakuwa kali kama kioo, watu wanatembea kama wanapigwa shoti. Huko kukatakata hakuna uhusiano na umeme wa nchi yoyote.

Filta za kuzungusha za bei nafuu nazo ziangalieni, ukifika mwisho zinachora msalaba mweusi katikati ya anga. Na droni ndogo nyingi tundu lao halibadiliki kabisa, bila filta huna la kufanya.

#30 Pwani ya Muscat

Kuna jambo hamjaligusa. Kanuni ya digrii 180, shata kuwa mara 2 ya fremu (25 kwa 1/50), imetoka kwenye kamera za mkanda, diski ya nusu duara ikizunguka mbele ya filamu. Zile zilikaa kwenye miguu mitatu au reli. Wewe unatembea na kamera ya kofia au simu, unategemea programu ikutulizie mtikisiko. Kila ukikanyaga, 1/50 inachapa ukungu ndani ya fremu. Programu inaurudisha mtikisiko mahali pake, ukungu inauacha. Matokeo: picha imetulia tuli, lakini inavimba ukungu na kusafika kila hatua. Kwa staili hiyo mimi napiga 1/200 na zaidi, kanuni ikalale.

#31 Dada Lenzi

@Pwani ya Muscat 1/200 ukumbini kwetu ni nusu ya pigo la taa, mistari imerudi. Na umepoteza stopu 2 za mwanga. Nunua gimbali, kishikio cha mota kinachotuliza kamera.

#32 Pwani ya Muscat

Gimbali kwenye msafara wa watu mia wanaocheza? Nitaitoa macho ya mtu.

#33 Umeme wa Jua

Samahanini kwa kuchelewa, ila mmejiuliza kama ni video inayokatakata au ni kompyuta? Faili la 4K lililobanwa kwa H.265 kwenye laptopu kuukuu litakatakata hata kama limepigwa na mtume. Lihamishie kwenye simu mpya lilitazame kwanza. Likiteleza kule, tengeneza nakala nyepesi za kueditia na uache kamera za watu.

#34 Nyanya Chungu

Mimi niliambiwa ni kadi. Kwamba kadi polepole inarusha fremu.

#35 Fundi Pikseli

Kadi ikishindwa, kwa kawaida kamera inasimamisha kurekodi na kukupa onyo. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, na kadi yenye alama V30 inahakikisha 30. Aliyekwambia anauza kadi?

#36 Nyanya Chungu

Anauza kadi.

#37 Tukutuku

😂😂 Haya nijibuni na mimi. Kwa nini rimu za bodaboda kwenye video zinazunguka kinyumenyume? Fremu gani inaondoa hilo?

#38 Mpemba Asiyelala

Rimu ya mikono 5, ikizunguka mara 5 kwa sekunde, kila baada ya 1/25 mkono mmoja umekaa alipokuwa mwenzake. Kamera ya fremu 25 inaona rimu imesimama. Kwa gurudumu la mzingo wa kama mita 1.9, ni mwendo wa karibu kilomita 34 kwa saa. Chini kidogo ya hapo inarudi nyuma, juu kidogo inakwenda mbele polepole. Ukiongeza fremu unahamisha tu kasi inakotokea. Shata ndefu haiondoi, inaificha ndani ya ukungu.

#39 Tukutuku

Kwa hiyo nikimpiga trafiki video inaonyesha boda ilikuwa imesimama. Safi.

#40 Kamera ya Mbagala

Wakuu nimesoma zote. Mimi bado ni 25. Mzee namheshimu, 50 nitaiweka kwenye ngoma na bendi. Fundi wa 30 aendelee na simu zake, ila siku akipewa kazi ya kurushwa na kituo cha TV atarudi kunitafuta.

#41 Fundi Pikseli

Nitarudi na bango langu la 2.4.

#42 Dada Lenzi

Na wote wawili mtaendelea kuzungusha kamera kwa sekunde moja.

#43 Nyanya Chungu

Wakati mnamalizana: mzee kanishawishi na 50. Ila kamera yangu ya Sony nikipiga 4K fremu 50 kwenye hema inazimika kwa joto kabla risala haijaisha.

#44 Umeme wa Jua

Kwenye menyu kuna joto la kujizima, liweke juu. Fungua skrini iachane na mwili wa kamera, na ukipanga kwenye stendi itafutie kivuli, usiiweke karibu na taa. Ikizimika bado, risala piga kwa HD, hakuna anayekimbia pale.